Neno la Kukataa Halitembei Peke Yake

Panda matatu jijini Nairobi, ukae karibu na mlango, na huenda usifike mbali kabla ya kumsikia abiria akilalamika kwa Kiingereza kwamba makanga "has refused with my change". Makanga ataelewa. Dereva ataelewa. Abiria wote watageuza shingo, maana nao wameelewa. Atakayeduwaa ni mgeni aliyejifunza Kiingereza mbali na hapa, kwa sababu katika lugha hiyo hakuna "refuse with".

Abiria huyo hakubuni maneno yake kutoka hewani. Ametafsiri Kiswahili cha mtaani, neno kwa neno. Sisi husema "makanga amekataa na chenji yangu", na hapo "na" hufanya kazi muhimu: huonyesha kwamba mtu ameshikilia kitu kisicho chake. Mwingereza humaliza jambo hilo kwa njia nyingine. Atasema "He has refused to give me my change", au kwa ufupi, "He has kept my change".

Hili ndilo somo letu Jumapili ya leo: maneno ya Kiingereza yanayobeba kukataa, kukana, kukataza, kunyima na kukosa. Kila mojawapo lina mwenziwe wa kutembea naye. Moja hutaka "to", jingine "from", jingine "of", na mengine hayataki kihusishi chochote. Ukiyaoanisha vibaya, mara nyingine watu watakucheka tu. Lakini mara nyingine utasema jambo lililo kinyume kabisa na ulilokusudia, na hapo si mchezo tena.

Tuanze na neno lenyewe "kataa". Kiswahili kimelibebesha mzigo mkubwa. Mtoto akikataa uji, kijana akikataa kwenda dukani, mshukiwa akikataa kwamba aliiba, na bawa la benki likikataa ombi la mkopo, sisi tumeridhika na neno lilo hilo moja. Kiingereza hugawa kazi. Kukataa kutenda jambo ni "refuse". Kusema kwamba jambo fulani si kweli ni "deny". Kukataa kitu baada ya kukipima na kuona hakifai ni "reject". Kukataa kwa adabu, kama vile unapoalikwa arusi na huwezi kufika, ni "decline".

Mtu anaweza kuuliza, je, tofauti hiyo ina uzito gani? Hebu tuingie kortini. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa katika kesi yake. Katika mahakama za chini kesi za jinai huweza kusikizwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Kwa hivyo maneno mengi yanayotamkwa kwa Kiswahili huishia kusomwa na jaji kwa Kiingereza.

Sasa chukua shahidi anayesema hivi: "Nilimwuliza kama ndiye aliyechukua pesa, akakataa. Nikamwambia azirudishe, akakataa." Neno moja, mara mbili. Kukataa kwa kwanza ni "He denied it", yaani alisema hakuchukua. Kukataa kwa pili ni "He refused". Mkalimani akiandika "refused" mara zote mbili, sentensi ya kwanza itamfanya mshtakiwa aonekane kama mtu aliyegoma kujibu swali, ilhali alijibu waziwazi kwamba hana hatia. Zaidi ya hayo, "He refused to return the money" huweza kumfanya msomaji adhani kwamba pesa alikuwa nazo, ila tu hakutaka kuzitoa. Mtu anaweza kuchafuliwa jina kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Na si kortini tu. Mfanyakazi wa duka anayeambiwa aandike taarifa baada ya pesa kupotea, mwanafunzi anayetakiwa kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu, soja wa getini anayeandika kitabuni kilichotokea usiku, wote hawa wanategemea maneno haya. Akiandika "I refused that I took the money", ameandika kitu kisicho Kiingereza. Alilotaka ni "I denied that I took the money", au "I denied taking the money".

Jambo la pili ndilo linalowanasa hata waliosoma sana. Vitenzi hivi vya Kiingereza vimekwisha kuimeza "not". Kanusho limo tumboni mwa kitenzi, na halihitaji kutiwa tena.

Kiswahili hakina shida na kukanusha mara mbili baada ya vitenzi kama hivi. Twasema "Mvua ilituzuia tusifike kanisani." Hiyo "si" katika "tusifike" ni halali na inapendeza sikioni. Twasema "Mama alinikataza nisicheze barabarani," na kila mtu anajua kwamba mama hataki mtoto acheze barabarani. Sasa mtoto aliyezoea hivyo akiingia darasani huandika "My mother forbade me not to play on the road." Kiingereza kitahesabu makanusho mawili: kukataza, na kutocheza. Maana inayotoka ni kwamba mama amekataza kutocheza, yaani amemwamuru mwanawe akacheze katikati ya magari! Sentensi sahihi ni "My mother forbade me to play on the road."

Husikika pia watu wakisema "Alikana kwamba hakuiba." Kwa masikio yetu, mtu huyo anajitetea. Lakini ukitafsiri moja kwa moja, "He denied that he did not steal", umemtia mwenzako pingu. Anayekana kwamba hakuiba, kwa hesabu ya Kiingereza, anakiri kwamba aliiba.

Wala tusijione duni kwa hilo. Kiingereza chenyewe kilikuwa na mazoea kama yetu. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao The Comedy of Errors, mhusika mmoja anamsimulia dada yake jinsi mwanamume fulani alivyokana jambo, na baada ya neno la kukana anatia "no" nyingine, kama vile sisi tunavyotia "si". Watazamaji wa London wa zamani zile hawakuona ajabu. Baadaye wanasarufi walikaza kamba. Mmoja wao ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1762 na kikachapishwa tena na tena. Alifundisha kwamba makanusho mawili huuana. Kanuni hiyo ndiyo iliyoshika shuleni, na ndiyo mtahini anayoitumia hadi leo.

Naam, sasa tuwatazame wenzi wa safari. Njia rahisi ni kuvigawa vitenzi hivi katika jamaa.

Jamaa ya kwanza hutembea na "to". Humo mna "refuse", "decline", "fail" na "hesitate". "She refused to sign." "He failed to come." Hapa tutaje kosa jingine la nyumbani. Kwa kuwa sisi husema "nilikosa kumwona", wengi huandika "I missed to see him." Neno "miss" si la jamaa hii. Sema "I failed to see him" ukimaanisha hukufaulu, au "I missed seeing him" ukimaanisha mlipishana.

Jamaa ya pili haitaki kihusishi, bali hutaka kitenzi chenye mkia wa "ing". Humo mna "avoid" na "deny". "Avoid drinking dirty water", wala si "avoid to drink". "He denied breaking the window", wala si "denied to break". Hapa pia yumo "stop", na huyu ni wa kuchunga sana. "He stopped smoking" maana yake ameacha sigara. "He stopped to smoke" maana yake alisimama njiani ili avute sigara. Mke akisikia la kwanza atamshukuru Mungu. Akisikia la pili atanuna.

Jamaa ya tatu ni ya wazuiaji, nao hutaka "from". Mpangilio wao ni huu: kitenzi, kisha mtu, kisha "from", kisha neno lenye "ing". "The rain prevented us from reaching church." "The doctor discouraged him from drinking." "The club banned them from playing." Wengi wetu husema "prevented us to reach", na hilo ni kosa. Waingereza wenyewe wakati mwingine huiacha "from" baada ya "prevent" na "stop", lakini wewe mwanafunzi ishikilie. Hakuna mtahini atakayekukata alama kwa kuiweka. Katika jamaa hii wamo pia "refrain" na "abstain", ambavyo havizuii mtu mwingine bali huonyesha mtu akijizuia mwenyewe: "Please refrain from shouting."

"Forbid" anaishi mpakani. Walimu wa zamani walisisitiza "forbid to", na hiyo ndiyo iliyo salama. Siku hizi kamusi huonyesha pia "forbid from". Lakini "prohibit" ni wa "from" bila mjadala.

Jamaa ya nne ni ya wanyimaji na wapokonyaji, nao hutaka "of". "The fire deprived them of their home." "The thugs robbed her of her handbag." Angalia vizuri: anayetajwa mara tu baada ya kitenzi ni mtu, halafu "of", halafu kitu. Neno "steal" hugeuza mpango huo: kitu hutangulia, halafu "from", halafu mtu. "They stole a handbag from her." Ukisema "They robbed my handbag", ni kama kwamba mkoba ndio uliovamiwa na kutishwa kwa kisu.

Tukirudi kwa "refuse" na "deny", hapa ndipo penye fundo. Vitenzi hivi viwili vyaweza kufuatwa na mtu, lakini kwa sharti kwamba nyuma ya mtu huyo kuna nomino. Soja akiandika "I denied him entry" ameandika vyema, maana "entry" ni nomino. "The bank refused her a loan" ni sawa pia. Lakini "I denied him to enter" na "My father refused me to go" si sawa, kwa sababu nyuma ya mtu kumewekwa kitenzi. Sentensi ya mwisho husikika kila wikendi katika nyumba za jijini. Kijana anayetaka kusema baba amemkataza na aseme "My father forbade me to go", au "My father refused to let me go", au kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, "My father wouldn't let me go."

Kwa ufupi: baada ya "refuse" na "deny", mtu na nomino, ndiyo; mtu na "to", la hasha.

Tunakuja sasa kwa nomino zinazozaliwa na vitenzi hivi. Mara nyingi kitenzi hukishika kitu moja kwa moja, bila kihusishi, lakini kikigeuka kuwa nomino lazima kivishwe kihusishi. Chukua "lack". Kikiwa kitenzi, "We lack water." Kikiwa nomino, "the lack of water". Wanaoandika "We lack of water" wamevichanganya viwili. Chukua "oppose": "They opposed the plan", lakini "their opposition to the plan". Chukua "reject": "She rejected the offer", lakini "her rejection of the offer".

Neno "ban" ni mfano mzuri zaidi kwa Mkenya, maana tulilisoma magazetini hadi likatuganda. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa humu nchini. Kwa kitenzi, "Kenya banned plastic bags." Kwa nomino, "Kenya's ban on plastic bags". Si "ban of", wala si "ban for". Na ikiwa anayepigwa marufuku ni mtu, twarudi kwa "from": "He was banned from the stadium." Neno moja lina sura tatu, na kila sura ina nguo yake.

Vitenzi vya jamaa ya kwanza havina taabu, maana vikigeuka nomino hubaki na "to" yao: "his refusal to pay", "her failure to attend". Lakini jihadhari na "object", yaani kupinga. Hiki hufuatwa na "to", ila "to" hiyo ni kihusishi halisi, kwa hivyo kinachofuata ni nomino au neno lenye "ing". Mzazi anayemwandikia mwalimu mkuu kuhusu ada asiyoikubali aandike "I object to paying this levy", wala si "I object to pay". Au atumie nomino, "I object to this levy", na barua yake itasimama imara.

Kwa wanafunzi, haya si mapambo. Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE ina sehemu ya sarufi yenye alama 15 kati ya 80, na humo vihusishi na kuandika sentensi upya ni wageni wa kawaida. Mwanafunzi huambiwa aanze sentensi kwa neno fulani bila kubadilisha maana. Akipewa "He said he had not stolen the goat" na kuambiwa atumie "denied", hapo ndipo ile "not" inapotakiwa kutoweka: "He denied stealing the goat." Aliyeibakiza amempeleka mtu jela na alama amezikosa.

Ushauri wangu kwa wazazi ni mmoja. Msimfundishe mtoto neno peke yake. Akiandika "prevent" katika daftari la msamiati, aandike sentensi nzima fupi: "prevent him from falling". Akiandika "lack", aandike mistari miwili, mmoja wa kitenzi na mwingine wa nomino. Neno likihifadhiwa pamoja na mwenziwe, siku ya haja litatoka pamoja naye. Likihifadhiwa pweke, litaokota mwenzi yeyote njiani, na mara nyingi litamwokota kutoka lugha ya mama.

Hili hapa zoezi la wiki. Kaeni mezani baada ya chakula, mtu asome kwa Kiswahili na wengine watafsiri kwa Kiingereza kabla ya kutazama majibu.

1. Polisi walituzuia tusivuke barabara.
2. Alikana kwamba hakuvunja kikombe.
3. Dada amekataa na kalamu yangu.
4. Mwalimu alimnyima nafasi ya kuongea.
5. Kijiji chetu kinakosa umeme.

Majibu: La kwanza ni "The police prevented us from crossing the road", bila "not". La pili, ikiwa msemaji anajitetea, ni "He denied breaking the cup." La tatu ni "My sister has refused to give me back my pen." La nne ni "The teacher denied him a chance to speak", mtu kisha nomino. La tano ni "Our village lacks electricity", bila "of".

Aliyepata yote matano ajimiminie kikombe kingine cha chai. Aliyekosa mawili matatu asivunjike moyo, kwani mazoea ya ulimi hayang'olewi kwa siku moja. Na yule abiria wa matatu? Jumapili ijayo akidai chenji yake kwa Kiingereza sanifu, sina hakika makanga ataitoa upesi zaidi. Lakini siku atakapoitwa kutoa ushahidi, maneno yake yatasimama upande wake.